Ekari Nne Nilizoandika Kwenye Fomu Yako

Nkirote,

Mama yako ameshakueleza habari za blanketi, za maji ya kuchemsha na za watu wa kutowaamini Nairobi, na mimi sina la kuongeza hapo. Mmekwenda naye kanisani ili akina mama wa kikundi chake wakuombee safari, nami nimesema goti linaniuma. Goti haliniumi. Nimebaki nyumbani nikuandikie jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo tangu majibu ya mkopo wako yalipotoka, na ninataka kulimaliza kabla sijasikia sauti zenu mkipanda njia ya majani chai.

Naogopa, mwanangu. Nimeliandika mapema neno hilo ili usilitafute katikati ya mengine. Nimeogopa mambo mengi maishani, wakaguzi wa shule, ukame, ugonjwa wa mama yako ule mwaka aliolazwa Embu. Hofu hii si kama zile. Mtu ninayemwogopa ni wewe, ukishamaliza kusoma karatasi hizi.

Kesho saa tatu mjomba wako Njiru atakuwa Embu mjini akingoja jibu. Unalijua swali lake. Uende chuo cha wauguzi, yeye alipe kila kitu, utoke huko bila deni na kazi ikikungoja kwenye zahanati yake. Au upande gari la Nairobi ukasome akiolojia kwa mkopo ambao, kwa hesabu niliyoirudia mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufundisha, utakuwa ukiulipa mpaka nawe uwe na mtoto wa sekondari. Mkopo huo ni mkubwa kuliko ulivyopaswa kuwa. Wewe unaamini serikali ilikosea. Aliyekosea ni mimi.

Ili unielewe, inabidi nianzie Kangeta. Unajua nilizaliwa huko Igembe, unajua nina kaka anayeitwa Ntoiti, na unajua hatujawahi kukupeleka. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mara moja kwa nini, nikakwambia ni mbali. Si mbali. Ni safari ya asubuhi moja.

Nilipoingia chuo kikuu, serikali ilitukopesha sote. Sehemu ya mkopo ililipa karo, na sehemu tulipewa mkononi, pesa za kujikimu tulizoziita bumu. Hakuna aliyetuambia kwamba pesa zile ni zawadi, lakini tuliishi kana kwamba tumeambiwa. Wenzangu walinunua redio na suruali pana. Mimi nilijiona mwerevu kuliko wao. Bumu langu nililituma kwa Ntoiti, muhula baada ya muhula, ili anipandie miraa kwenye ekari nne ambazo baba yetu alikuwa ameniahidi. Nilikula mkate mkavu ili miche iingie ardhini. Niliwaza kwamba nikimaliza masomo nitakuwa na vitu viwili ambavyo hakuna wa kuninyang'anya: kazi ya serikali na miti.

Kazi yenyewe nayo sikuichagua, niliikimbilia. Mwaka wa pili kulikuwa na nafasi ya kuhamia idara ya upimaji na uchoraji wa ramani. Nilikuwa nachora ramani tangu shule ya msingi, nyuma ya madaftari, mito ya kwetu na jinsi inavyoteremka kuelekea Tana. Mhadhiri mmoja aliziona akaniambia nije ofisini kwake Jumatatu. Jumapili nzima nilijiuliza nani ataniajiri nichore mito. Mwalimu aliajiriwa siku alipomaliza. Jumatatu sikwenda. Sisemi ualimu ulinidhulumu. Umewalisha ninyi na umenipa watu wa kunisalimia kila sokoni. Lakini nilifikiri nikichagua kilicho salama hofu itaisha, na haikuisha. Ilihama tu, ikapata kitu kingine cha kushika.

Nilipangiwa kufundisha Embu. Sasa, kwetu, mwenye mti wa miraa ni yule anayeonekana. Ni yule anayefika siku ya kuchuma, akasimama chini vijana wakiwa juu, akafunga mabunda pamoja na ndugu zake na kubishana na mnunuzi. Mimi nilikuwa Kianjokoma nikisahihisha madaftari. Nilikwenda mara moja kwa mwaka, baadaye mara moja kwa miaka miwili, kisha nikamwoa mama yako na safari zikawa za mazishi tu. Baba yangu alipofariki, hati ya shamba lote ilitoka kwa jina la Ntoiti. Wazee walikaa siku mbili kutusikiliza. Nilieleza habari za bumu, nikataja kila muhula. Ntoiti akasema pesa zile zilikuwa msaada kwa familia, na kwamba ana mikono yenye makovu ya miti ile, nami nina mikono yenye chaki. Watu walicheka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikaondoka. Ni miaka thelathini na minane sasa.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwako. Miaka mingi baada ya kumaliza chuo, mshahara wangu ulipungua ghafla. Mkopo ulikuwa umenifuata, pamoja na riba na adhabu. Nilificha hati ya mshahara ndani ya kamusi, na mama yako akaipata, maana alikuwa akitafuta neno la kumsaidia kaka yako na kazi ya shule. Alikuja nayo bandani nilipokuwa nikikama.

"Uliniambia umesoma bure," alisema.

Niliendelea kukama. Hakuniuliza tena. Juma lililofuata aliuza mtamba wake wa kwanza, aliyekuwa amemlea tangu akiwa ndama, ili tumalize mwaka ule bila kumtoa kaka yako shuleni. Hivyo nililipia miti ya Ntoiti mara mbili, na mara ya pili nililipa kwa mali ya mama yako.

Sasa fomu.

Unakumbuka siku tuliyokwenda saiba, kile kibanda cha kompyuta pale sokoni, kujaza maombi ya mkopo wako. Ulitoka kupiga picha za pasipoti, nikabaki na Mukami, yule binti wa saiba, akiniuliza maswali na kuandika. Ng'ombe wangapi. Nyumba ya mawe au mbao. Wazazi wanafanya kazi gani. Tukafika kwenye ardhi, nikamwambia robo tatu ya ekari ya chai hapa Kianjokoma. Hapo ningepaswa kunyamaza. Ndiyo ilikuwa kweli yote.

Nikasema, "Na ekari nne za miraa, Kangeta."

Mukami aliinua vidole kutoka kwenye kibodi. "Mwalimu, una uhakika? Haya mambo wanayaangalia. Watu wanapunguza, wewe unaongeza?"

"Andika, binti," nikamwambia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikutaka kukudhuru, fomu ilikuwa yako, lakini kwa dakika ile sikukuona wewe kabisa. Niliona kwamba nikiliacha shamba lile nje ya orodha, nitakuwa nimesema kwa maandishi, mbele ya serikali, kwamba Ntoiti alikuwa sahihi. Na kulikuwa na ujinga mwingine nyuma ya huo, kwamba siku moja karatasi hiyo ingenifaa mbele ya wazee. Mtu wa miaka yangu, aliyesoma vitabu vyote vile unavyovipangusa vumbi, akatumia maombi ya mkopo ya mtoto wake kuendeleza kesi iliyokwisha kabla mtoto hajazaliwa.

Majibu yalipotoka walikuwa wamekuweka kwenye kundi la familia zenye uwezo. Ufadhili kidogo, mkopo mkubwa, na mchango wa nyumbani ambao tumeukopa kwenye ushirika wa chai na ambao wewe, bila kuombwa, umesema utaturudishia. Ulitusomea jikoni. Ukacheka, ukasema, "Baba, kumbe sisi ni matajiri na hamkuniambia?" Mama yako alicheka mpaka akajifuta macho na leso. Nami nilicheka, Nkirote. Nilisimama pale nikacheka pamoja nanyi.

Lililo baya zaidi ni kilichofuata, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kusema. Ningeweza kukiri jioni ile. Rufaa zilikuwa wazi. Nilinyamaza kwa sababu nilianza kuona kwamba deni lile linanisaidia. Mjomba wako alileta shauri la uuguzi Jumapili iliyofuata, nami nikaona jinsi ulivyoangalia tarakimu kwenye simu na kisha kumwangalia yeye. Nikawaza, mkopo ukibaki mkubwa hivi, ataogopa, atakwenda uuguzi, na mimi nitalala. Sikuhitaji kukushawishi. Uongo wangu ulikuwa ukikushawishi kwa niaba yangu. Kila uliponiuliza, "Baba, wewe unaonaje?" nilikujibu kwamba uamuzi ni wako, huku nikiwa nimeweka jiwe upande mmoja wa mizani.

Jinsi ninavyoogopa nitakueleza, si ili unihurumie. Nina mwanafunzi wangu wa zamani, kijana aliyekuwa akisimama mbele ya darasa na kueleza mambo vizuri kuliko mimi. Alimaliza shahada yake vizuri. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mama yake kwenye kituo cha kununulia majani chai, akaniomba nimpe namba ya mwanawe kama ninayo, kwa sababu yeye hana. Kijana alikuwa amebadilisha laini mara tatu kukwepa waliomdai, na mara ya tatu hakumwambia hata mama. Nilimwambia sina. Tangu siku hiyo, simu yako ikilia muda mrefu bila kupokewa, mimi husimama. Deni lenyewe halinitishi kama hiyo simu isiyopokewa. Mtu anaanza kwa kuwakwepa wanaomdai, halafu anawakwepa wote wanaomjua, mwishowe anaaibika kuja hata mazishini. Naijua njia hiyo. Mimi niliipita kwa sababu ya miti.

Juma lililopita niliwaambia naenda Meru kwa mambo ya pensheni. Nilifika Meru, nikavuka barabara, nikapanda gari la Kangeta.

Nilimkuta Ntoiti sokoni, ameketi juu ya kreti akifunga mabunda kwa majani ya migomba. Amezeeka kuliko mimi, jambo ambalo sikulitarajia. Akilini mwangu alikuwa bado na kifua cha kupandia miti. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

"Mwalimu," alisema, kana kwamba tuliachana juzi. "Umekuja kuchuma?"

Nikamwambia nimekuja kutafuta saini. Nilimpa karatasi niliyoandikiwa na wakili mmoja wa Embu, hati ya kiapo inayosema kwamba mimi, Kaberia, sina ardhi Igembe, sijawahi kuwa nayo kisheria, wala sina dai lolote juu yake, na kwamba mwenye hati anathibitisha hivyo. Alivaa miwani akasoma polepole, midomo ikitembea.

"Miaka yote hii ulitaka niandike ni lako," alisema. "Leo umepanda magari mawili uje niandike si lako. Hukunywa kitu njiani?"

Nikamweleza yote. Saiba, fomu, majibu, uuguzi. Sikupunguza. Alisikiliza bila kuacha kufunga, kisha akaniuliza jina lako. Nikamwambia umepewa jina la mama yetu. Mikono yake ikasimama.

"Basi mama ameandikwa tajiri," alisema. Akacheka mpaka akakohoa, na mnunuzi aliyekuwa karibu akamletea maji.

Tulikwenda kwa chifu kwa boda boda moja, wazee wawili nyuma ya dereva mmoja, Ntoiti akimfokea kila tuta. Alitia saini, chifu akatia muhuri na kutuandikia barua. Tulipotoka nje Ntoiti alisimama kufunga koti lake, akasema bila kuniangalia, "Pesa zako za chuo zilinunua miche. Ninalijua hilo. Lakini siliandiki popote." Niliyangoja maneno hayo karibu miaka arobaini, na yaliponifikia nilikuwa nawaza tu kama nitaliwahi gari la mwisho la Embu. Nilimshukuru. Hatukukumbatiana. Ameniambia nikuletee salamu, nami nimechelewa kuzifikisha kwa sababu ningeulizwa nimezipata wapi.

Hati na barua ya chifu zimo ndani ya bahasha hii. Dirisha la rufaa bado liko wazi siku chache. Akaunti ni yako na nywila ni yako, kwa hiyo utaiwasilisha mwenyewe ukitaka. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Wanaweza kusema kwamba mzazi aliyesema uongo mara ya kwanza hana sababu ya kuaminiwa mara ya pili, na sitakuwa na la kuwajibu. Wakikubali, deni litapungua; halitaisha. Mama yako nitamweleza mwenyewe jioni hii. Usilibebe wewe.

Ungetaka sasa niseme nenda Nairobi. Siwezi kulisema kwa moyo mmoja. Ningekuona umevaa sare ya uuguzi ningepumua, na kukuficha hilo kungekuwa uongo wa pili. Lakini nakumbuka ukiwa kidato cha pili, ulirudi kutoka kwa nyanya yako Mbeere na kipande cheusi kizito mfukoni, kimetoboka toboka kama mkate uliokauka. Nyanya yako alikuwa amekwambia ni uchafu uliobaki wahunzi wa zamani walipoyeyusha chuma. Ulikiweka mezani, ukatukataza kukisogeza, ukaniambia, "Baba, mtu alisimama pale akipuliza moto siku nzima, na hakuna hata mmoja aliyeandika jina lake." Nilikuwa nimefundisha historia miaka zaidi ya thelathini, na sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Niliogopa siku ile pia. Nilijua umepata kitu ambacho hakina mshahara, nikautambua uso wako, kwa sababu mimi uso kama huo ulinitoka Jumapili ile niliyokaa kitandani nikingoja Jumatatu ipite.

Ukichukua mkopo, ujue ni deni tangu siku ya kwanza. Uliza kila mwaka umefikia wapi, hata mwaka ambao hutataka kulisikia jibu, maana mimi niliacha kuuliza na kiasi kikaendelea kukua bila mimi. Na pesa za kujikimu zitakapoingia, ule. Usitume nyumbani. Usitume hata nikikuomba mimi, hata nikisema paa linavuja, hata sauti yangu ikiwa ya kuhuzunisha. Najua nitakuomba siku moja, ninajijua. Niambie hapana, nami nitanuna siku mbili kisha nitapiga simu tena. Simu ndiyo nakuomba, na ni ombi moja tu. Ukishindwa kulipa, ukikosa kazi, ukijutia ulichochagua, chochote kati ya hivyo vitatu, pokea. Huna haja ya kuwa na habari njema. Sema tu "Baba, nipo," kisha ukate.

Ukichagua uuguzi, hayo yote hayakuhusu, ila usiuchague kwa sababu ya ile namba uliyoisoma jikoni. Namba ile niliiandika mimi. Ngoja rufaa ijibiwe, au amua kana kwamba imeshajibiwa kwa kukataliwa, lakini amua ukijua ilitoka wapi. Na ukiwa na hasira nami, kaa nayo kadiri unavyotaka. Nisingependa uifupishe kwa kunionea huruma.

Nasikia mnakuja. Mama yako anaimba ule wimbo wa mwisho wa ibada, na wewe unamsahihisha maneno.

Mjomba wako atakapokuuliza kesho, mjibu mwenyewe, sitafungua mdomo. Nitabeba sanduku lako. Ukigeukia gari la Nairobi nitalipakia huko, ukigeukia gari lake nitalipakia vilevile. Utaona mikono yangu inatetemeka. Itatetemeka kwa lolote utakalochagua, kwa hiyo usiisome kama jibu.

Baba yako,
Kaberia